Ndizi za Nyamarambe na Lebo ya Siri Kuu

Niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba kipanya cha kompyuta husoma mapigo ya moyo kupitia ncha ya kidole. Sisemi kipanya chochote tu. Ni kile chenye taa nyekundu tumboni. Ukikishika ukaandika barua pepe, kisha ukaipa lebo ya uongo, moyo unaruka, damu inagonga kidole, kipanya kinasikia, na makao makuu Nairobi wanajua kabla hujanyanyua mkono. Dereva wa lori letu la ndizi ndiye aliyeniletea habari hiyo. Alisema kuna karani mmoja huko mbali aliyefutwa kazi kidole kikiwa bado juu ya kipanya, na barua ya kumfuta ikatokea kwenye mashine ya kuchapisha nyuma yake.

"Ikiwa na joto, Profesa," dereva aliniambia. "Ilimchoma shingo."

Mimi ni mtu wa kuamini haraka, kama wengi waliosoma kwa shida. Mchana nilikuwa nikiuza suruali za mitumba katika soko la Daraja Mbili, na jioni nilikimbia darasani na vumbi la soko likiwa bado kwenye nyusi, nikaketi kwenye dawati la watoto wadogo, magoti yakigusa masikio. Hapo chochote alichosema mwalimu nilikimeza kizima, maana sikuwa na muda wa kutafuna. Nilipofaulu, na Kiswahili nikakipata alama ambayo mwalimu mwenyewe aliikagua tena akidhani macho yake yamechoka, soko lote lilisimama. Wauza ndizi waliangusha mikungu. Mama mmoja wa sukuma wiki alinibeba mgongoni mpaka barabarani, na mimi si mwepesi. Tangu siku hiyo naitwa Profesa, na sijawahi kumkataza mtu.

Cheti hicho ndicho kilichonipandisha Ikonge, kwenye ofisi ya kampuni inayonunua majani chai kwa wakulima wa upande wa Nyamira na ndizi kwa wakulima wa upande wa Kisii. Nilikuwa karani wa mawasiliano. Barua pepe za vituo vyetu vyote ziliingia kwangu, nikazisoma, nikazijibu, na zile nzito nikampelekea meneja, mama mmoja mwenye roho ya upole na sauti ya kusimamisha mvua, ambaye sisi sote tulimwita Madam. Ikonge kuna baridi. Asubuhi ukungu huingia ofisini bila kubisha hodi, ukaketi kwenye kiti cha wageni, na usipouangalia utauandalia chai.

Kituo cha ndizi kilikuwa Nyamarambe, upande mwingine kabisa, kwenye joto. Karani wa huko alikuwa msichana wa upande wa ziwa aliyekuja huku kwa ajili ya kazi, na Ekegusii, lugha ya huku kwetu, alichojua kilikuwa salamu peke yake. Akishakusalimu vizuri sana, mazungumzo yanahamia Kiswahili. Kila siku aliniandikia barua moja. "Lori limeondoka. Mikungu imejaa. Mvua imenyesha." Nami nilimjibu kwa Kiswahili changu cha mtihani: "Nimepokea waraka wako kwa furaha isiyo kifani. Poleni kwa mvua." Kesho yake aliongeza mstari: "Mvua haihitaji pole. Ndizi zinaipenda."

Niliusoma mstari huo mpaka ukungu ukanisomea kutoka begani.

Basi barua za ndizi zikaanza kurefuka. Aliniambia kwao wanakula samaki akiwa na kichwa chake, na kwamba mtu anayekata kichwa cha samaki hawezi kuaminiwa kwa siri. Nilimwambia kuhusu Daraja Mbili na suruali zangu. Nilimwambia kwamba baba yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi, ndiyo maana masomo yangu yalikatika na kuungwa tena ukubwani. Alinijibu kwa maneno machache mazuri sana, na chini yake akaandika idadi ya mikungu, kwa sababu kazi ni kazi.

Hapo ndipo amri ya lebo ilipotuangukia. Sababu yake kila mtu aliijua: mkubwa fulani wa makao makuu alitaka kumtumia mkewe barua ya daktari, akabonyeza mahali pasipofaa, na kampuni nzima, kutoka Ikonge hadi Nyamarambe, ikajua kwamba mkubwa ana bawasiri na haketi vizuri. Wiki hiyo hiyo tuliitwa sote kwa mafunzo katika ukumbi wa kanisa mjini Kisii. Hata dereva alikuja, ingawa hana barua pepe, kwa sababu alisikia kutakuwa na kuku.

Mkufunzi alitoka Nairobi na viatu vilivyochongoka mbele hivi kwamba vidole vyake sijui aliviacha wapi. Alieleza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna barua itakayotoka bila kupewa lebo. Ukimaliza kuandika, kidirisha kitaruka mbele yako na hakitaondoka mpaka uchague. Lebo ni nne. Ya Umma, ambayo hata ukiibandika sokoni hakuna shida. Ya Ndani, ambayo ni ya wafanyakazi peke yao. Siri, ya wale walioandikiwa na wanaohusika. Na Siri Kuu, ambayo aliyetumiwa anaisoma yeye tu. Haipelekwi kwa mwingine, haichapishwi, hainakiliwi, na yaliyomo hayasemwi hata kwa mdomo.

"Maswali?" akauliza.

Msomi mimi sikuweza kukaa kimya. "Mwalimu, na salamu je? Nikimwambia mtu habari za asubuhi, hiyo ni ya umma au ya ndani?"

"Inategemea asubuhi yenyewe ilikuwaje," mkufunzi alijibu.

Ukumbi ulicheka mpaka njiwa wa kwenye dari wakahama. Nyuma yangu kulikuwa na kicheko kimoja ambacho hakikuisha pamoja na vingine. Niligeuka. Msichana mwenye kitambaa cha manjano kichwani alinitazama akafuta machozi.

"Wewe ndiye furaha isiyo kifani?" aliuliza.

"Ni mimi," nikasema. "Na wewe ndiye mvua?"

"Ndiye mimi. Nilidhani wewe ni mzee wa miaka sabini, mwenye tai."

Mchana tulikula meza moja. Nilimwomba namba yake ya simu, nikitumia sentensi yenye vishazi vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza.

"Namba siitoi siku ya kwanza," alisema. "Barua unazo, karani. Andika. Mtu huonekana vizuri kwenye maandishi."

Jumatatu lebo zilianza, na ofisi yetu ikawa kama nyumba yenye mlango mpya ambao hakuna anayejua unafunguka upande gani. Mhasibu alibandika kila kitu Ya Umma kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu kabisa na mkono wake ni mvivu. Madam naye kila kitu kilikuwa Siri Kuu. Siku ya pili alituandikia, kila mtu na yake: "Nani amechukua kikombe changu chenye ua?" Siri Kuu. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake kama naye ameulizwa. Tulipitana kwenye korido tukitazamana mikononi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeshukiwa, mpaka kikombe kilipopatikana kwenye droo ya Madam mwenyewe. Habari hiyo alituandikia kwa lebo ya Ya Ndani, na kwa mara ya kwanza tukacheka kwa ruhusa.

Wiki hiyo pia vilikuja vipanya vipya vyenye taa nyekundu, na dereva akaleta ile habari ya mapigo ya moyo. Alinieleza akiwa ameegemea dirisha la ofisi, uso umetulia kama wa mchungaji. Nilikigeuza kipanya changu nikakitazama tumbo. Taa ilinitazama. Mimi nikasema haya, kumbe ndiyo maana.

Shida yangu mtu anaweza kuiona. Moyo wangu ulikuwa mtulivu kwa barua za majani chai. Ningeweza kuandika habari za mbolea mpaka kipanya kilale. Lakini nikifungua barua ya Nyamarambe tu, moyo ulianza kurukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Ningewezaje kumjibu habari za mikungu, nikaweka Ya Ndani, wakati damu yote inasema Siri? Nilianza kunywa maji baridi kabla ya kuchagua lebo. Nilishusha pumzi. Nilijaribu kubonyeza kwa kidole kidogo cha kushoto, nikiamini kwamba kiko mbali na moyo, mpaka nilipokumbuka moyo wenyewe uko kushoto. Mwisho nilivaa soksi mkononi.

Madam aliingia akanikuta hivyo.

"Bwana karani, hiyo ni soksi?"

"Ni baridi, Madam."

"Mkono mmoja?"

"Huu mwingine ni mvumilivu."

Alinitazama, akatazama ukungu kwenye kiti cha wageni, akaamua kwamba kati yetu sisi wawili ukungu ndio wenye akili, akaenda zake.

Wakati huo huo msichana wa Nyamarambe alikuwa ameanza kuzitumia lebo kwa namna ambayo mkufunzi hakutufundisha. Barua ya kwanza baada ya amri ilikuwa Ya Ndani: lori, mikungu, jua kali. Sawa. Halafu siku moja ikaja barua yenye lebo ya Siri. Niliikaza soksi mkononi. Nikafungua. "Leo ndizi zimeiva kabla ya lori kufika. Nimekula tatu. Usimwambie mtu." Hayo tu. Nilisimama, nikatoka nje, nikaizunguka ofisi kwenye matope, nikarudi nikaketi. Mtu alikuwa na neno dogo ambalo angeweza kumwambia mtu yeyote duniani, akalifunga vizuri, akalitia lebo, akaniletea mimi. Nami nikamjibu kwa Siri: "Jana nililala kwenye mkutano wa mbolea nikaota nakula ndizi." Akaniandikia: "Ngapi?" Siri.

Tuliendelea hivyo msimu mzima wa mvua. Sitayaandika yote hapa, maana mengine lebo zake bado zina nguvu.

Sasa mama yangu. Mama anakaa mteremkoni chini ya Ikonge, kwenye kishamba cha chai ambacho yeye hukiita msitu wake, na ni Msabato ambaye akiimba Jumamosi asubuhi ng'ombe wa jirani huacha kula. Aliniona ninavyotabasamu nikichuma majani siku ya mapumziko, akajua.

"Huyo wa ndizi," aliniambia, "ana uso, au ni maandishi tu?"

"Ana uso, nimeuona."

"Ni wa wapi?"

"Upande wa ziwa."

Alichuma majani kidogo akifikiri. "Watu wa huko wanajua kupika samaki," alisema mwishowe, na nikajua amemkubali. "Mlete Jumapili. Jumamosi sipiki."

Kwetu kumwalika msichana jikoni kwa mama si matembezi. Ni kusema neno ambalo hujalisema kwa mdomo. Akija, amekubali kuwa wako, na hakuna haja ya mtu kupiga magoti popote. Asipokuja, amekataa, na mnaendelea kusalimiana kama watu wazima. Mama alikwisha kumchagua jogoo. Alitoa sandukuni gauni lake la kijani, lile alilovaa siku niliyopata cheti, akalitundika kwenye kamba lipate upepo.

Alhamisi niliketi mbele ya kompyuta kuandika barua kubwa kuliko zote za maisha yangu. Mtihani wa taifa ulikuwa mchezo. Moyo ulikuwa unapiga ngoma za harusi tatu kwa pamoja, na niliogopa nikichelewa kipanya kitapasuka. Kwa hiyo niliandika mbio, kama ninavyoongea nyumbani, sikusoma mara ya pili:

"Baba anataka kukuona. Njoo Ikonge Jumapili, dereva atakuleta. Baba amekuchagulia jogoo mwekundu na amesema usibebe kitu. Usiogope, Baba ni mtu wa kucheka. Atavaa lile gauni lake la kijani kwa ajili yako."

Kidirisha kikaruka. Kwa mapigo yale lebo ilikuwa moja tu. Nikabonyeza Siri Kuu, nikatuma, nikavua soksi, nikajipepea nayo.

Msomaji wa Mombasa, najua umeshtuka. Tulia. Kwa Ekegusii mama yako unamwita baba. Baba mzazi ndiye tata. Tangu nizaliwe mama yangu naye ni Baba. Ndilo jina nililomlilia nikiwa na njaa, na hata kwenye Kiswahili, nikiwa na haraka, hunitoka hivyo hivyo bila kupitia shuleni. Mtu yeyote wa kwetu angeisoma barua ile akaona mwanamke mzima, jogoo na gauni. Lakini aliyeisoma alikuwa wa upande wa ziwa, ambako baba ni baba kama kwa binadamu wengine, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia kwamba baba yangu amekufa zamani.

Mimi sikuona kitu. Niliona nimeandika vizuri.

Ijumaa jibu lilikuja. "Lori limeondoka. Mikungu imejaa." Lebo: Ya Umma.

Ya Umma! Mwenzangu, hujawahi kupigwa mpaka upigwe na lebo. Barua hiyo angeweza kuibandika kwenye mti pale Nyamarambe, mbuzi wakaisoma. Nilitafuta mstari wa mvua, hakuna. Nilitafuta mstari wa jua, hakuna. Nilikaa nikiitazama mpaka mhasibu akaniuliza kama majani chai yameshuka bei duniani kote.

Nilijiambia labda anaficha furaha. Jumapili mama alivaa gauni la kijani tangu asubuhi, akaketi kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Jogoo alichemka. Saa zilienda. Kila gari lililonguruma barabarani mama alinyoosha shingo, kisha akairudisha polepole. Jua lilipoanza kuinama alisema, "Labda njia imeharibika na mvua." Haikuwa imenyesha juma zima. Tulimla jogoo wawili, na mama akaniwekea mapaja yote mawili, jambo ambalo hajalifanya tangu nilipokuwa na surua. Hakuuliza swali hata moja. Usiku alilikunja gauni akilinyoosha kwa kiganja, pole pole, kama analibembeleza lilale.

Nami niliujua ukweli wote, au nilidhani hivyo. Kipanya kilikuwa kimenishtaki. Mapigo yale yalifika Nairobi kama tetemeko la ardhi, wakubwa wakafungua barua, wakaona karani anatumia Siri Kuu kumwalika mtu kula kuku, wakamwonya msichana wa watu. Masikini, alikuwa anaandika Ya Umma kwa kuogopa. Kama ningeendelea ningemfukuzisha kazi. Kwa hiyo nami nikaanza kujibu: "Imepokelewa." Ya Umma. Neno moja, mtu mwenye alama zangu za Kiswahili! Insha zangu za zamani zilinililia kutoka kabatini.

Madam aliliona. Barua zote za vituo alikuwa anapata nakala, isipokuwa zile za Siri na Siri Kuu, na alikuwa amezoea ninavyoandika.

"Bwana karani, unaumwa?"

"Hapana, Madam."

"Zamani nikitaka kusoma barua yako moja nilikuwa navaa miwani na kuagiza chai. Sasa unaandika kama mtu anayelipia kila herufi." Alivuta kiti, akausukuma ukungu, akaketi. "Mzani wa Nyamarambe umeharibika. Kuna mpya hapo stoo. Utaupeleka wewe."

"Dereva anaweza kuupeleka, Madam."

"Dereva anaweza," alikubali, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Nimesema wewe."

Nikaenda na lori, mzani magotini kama mtoto wa kubatizwa. Nilimweleza dereva kwamba kipanya kimeniharibia maisha. Alikohoa sana, akatazama nje upande wa migomba.

"Ungevaa soksi mbili, Profesa," alisema.

Nyamarambe kulikuwa na joto la kukausha nguo ikiwa bado mwilini. Mikungu ilipangwa mpaka dirishani. Mzee mpima ndizi, mtu wa hapo hapo, alikuwa ameketi juu ya kreti akimenya muwa. Msichana alikuwa mezani kwake na kile kitambaa cha manjano, na hakuinua kichwa.

"Karibu, karani wa Ikonge."

"Asante. Nimeleta mzani."

"Weka hapo."

Niliuweka hapo. Nikauhamisha kidogo. Nikaurudisha. Mzee alimenya muwa.

"Nyumbani hawajambo?" msichana aliuliza akiandika.

"Hawajambo. Ila Baba alikungoja sana."

Kalamu ilisimama. "Aliningoja."

"Tangu asubuhi. Aliketi mlangoni."

"Mchana kweupe?"

"Mpaka jioni."

"Na lile gauni?"

"Alivaa. Alilipigia pasi mara mbili."

Aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu aliye mbele ya mbwa asiyemjua. "Karani. Si wewe uliniambia baba yako alifariki?"

"Ndiyo, zamani. Mungu amrehemu."

"Na aliketi mlangoni."

"Nani?"

"Baba yako!"

"Baba yangu amekufa, nimekwambia."

"Sasa jogoo alimla nani?"

"Mimi na Baba."

Alisimama, kiti kikaanguka. "Mama yangu! Na anakula!"

Hapo mzee wa kreti alishindwa. Muwa ulimtoka mdomoni. Alicheka mpaka mkungu mmoja ukaporomoka, akajishika mbavu, akataka kusema akashindwa, akanyoosha mkono kuomba muda. "Binti yangu," alisema akipata pumzi, "huyu baba yake ni mama. Kwetu baba ni mama."

"Baba ni mama?"

"Baba ni mama. Mimi mwenyewe mzee hivi, baba yangu ndiye aliyeninyonyesha."

Msichana alimtazama mzee, akanitazama mimi, akaokota kiti, akaketi. Alianza kucheka huku akifuta machozi.

"Nimekaa na mzee huyu," alisema, "hapa hapa, namwona akila muwa kila siku. Ningemuuliza neno moja tu, angenijibu."

"Na kwa nini hukumuuliza?"

"Siri Kuu!" Aliipiga meza. "Wewe si uliandika Siri Kuu? Haipelekwi, haichapishwi, haisemwi hata kwa mdomo. Mimi ni mtu wa kufuata kanuni za kazi. Nimekaa nayo kama mwiba wa samaki kooni. Usiku naomba Mungu. Najiuliza, mtu mzuri hivi, anaandika vizuri hivi, anataka kunipeleka kwa marehemu aliyevaa gauni? Jumapili nilivaa viatu, karani. Nilivaa, nikaketi kitandani, nikavivua."

Niliposikia habari ya viatu niliuhamisha mzani tena, ingawa ulikuwa mahali pake.

"Mwambie mama yako," alisema, "mwambie Baba, nitakuja Jumapili hii. Na jogoo asimchinje mpaka anione, nisije nikamtia hasara ya pili."

Mzee alipiga makofi. Nami nikapiga naye.

"Lakini nieleze kitu kimoja," msichana aliendelea, uso sasa umekunjuka. "Mwaliko wa kula kuku, kwa nini uwe Siri Kuu?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya taa nyekundu, ya damu na kidole, ya karani aliyechomwa shingo na barua yake ya kufutwa, ya maji baridi na ya soksi. Nje nilimsikia dereva akifungua boneti ya lori ambalo halikuwa na ubovu wowote. Msichana alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha alichukua kipanya chake, akakigeuza tumbo juu, akakiweka mbele yangu.

"Hii taa inamulika meza," alisema, "ili kompyuta ijue mkono umesogea wapi. Haisomi moyo. Lebo ni ya kumwambia anayepokea anaweza kumwonyesha nani. Ungeweka Ya Ndani, ningemuuliza huyu mzee siku hiyo hiyo."